Nanga ya Mawe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mbaazi na mahamri mawili, kisha navaa kaptura ya kamba. Mkanda, saa na funguo vinabaki nyumbani. Kwa kazi yangu, hata kifungo cha chuma ni fitina.

Saa kumi na mbili nafunga magnetomita (kipima sumaku) ya nchi kavu chini ya mnazi, mbali na geti la mabati. Hii ni ya kulichunga jua: mchana huutikisa uga wa sumaku wa dunia kwa makumi ya nanotesla, kizio kidogo sana cha sumaku, na sina budi kuyatoa kwenye hesabu.

Saa moja, ufukwe wa Nyali.
“Shikamoo, babu.”
“Marahaba. Leo mwavua nini?”
“Sumaku ya mawimbi.”
“Yaliwa?”

Nahodha ana haraka. Ni bamvua, maji yanatoka, na tukichelewa mlango wa mwamba utatufungia ndani. Njiani namweleza. Maji ya chumvi hupitisha umeme. Wimbi likiyasogeza ndani ya uga wa dunia, umeme mdogo huzaliwa, nao huleta usumaku wake. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaza hivyo mwaka 1832, akautafuta umeme huo London, mtoni Thames, kwenye daraja la Waterloo, akaambulia patupu. Simlaumu. Uga wa dunia hapa Mombasa ni kama nanotesla 33,000. Wimbi la kusi la mita mbili toka bondeni hadi kileleni, lijalo kila sekunde kumi, huongeza chini ya nanotesla moja.

Saa mbili na nusu tunashusha kifaa kwenye mchanga, mita 15 chini, ndani ya fremu ya plastiki, pamoja na kipimo cha mgandamizo wa maji kinachohesabu mawimbi. Nimechagua magnetomita inayosoma ukubwa wa uga tu. Ile inayosoma mwelekeo ikiinama digrii moja hukupa mamia ya nanotesla za uongo.

Tunasogea mbali, tunatia nanga: jiwe lililofungwa kamba, kwa ombi langu. Kisha ni kungoja, na mimi kutapika. Miaka yote hii pwani, na tumbo bado halijazoea kusimama juu ya mawimbi ya kusi.

Saa nane maji yamepanda tena, tunaopoa kifaa na kurudi.

Saa mbili usiku, mbele ya kompyuta. Uzuri! Vijilima vidogo kila sekunde kumi, vikienda sambamba na mgandamizo. Halafu, saa nne na robo asubuhi, mstari unaruka juu na kubaki huko huko, ukiyumba ovyo.

Nampigia nahodha.
“Aa, ile saa ulokuwa watapika? Jiwe halikushika, mashua yarudi juu ya kidude chako. Nikatupa nanga ya chuma.”

Nanyamaza.

“Kesho ntakuja na mawe mawili,” asema.