Masika ya kwanza bila mshahara

Leo Jumapili usiku, mtoto kalala, jua limewaka siku nzima na zile picha nne nilizoegemeza ukutani tangu juzi zimekauka. Nimezigusa pembeni kwa kidole cha mwisho, hazijashika kitu. Nina furaha ambayo saa hizi sijui nimpigie nani simu nimwambie, bas nimeona niandike.

Mtu ambaye hajawahi kuchorea rangi ya mafuta hawezi kujua kwanini picha kukauka ni habari ya kushangilia. Rangi yetu sisi wachoraji wa Tingatinga ni ile ile ya kopo wanayopaka kwenye mageti, unaichanganya na tina kidogo, unapiga safu ya kwanza kwenye kitambaa, unasubiri, alafu unapiga nyingine kwa sponji ili ile bluu ipande taratibu toka kwenye weupe, unasubiri tena, ndo unachora kwa chaki, ndo unaanza kujaza. Kiangazi nikipiga safu asubuhi jioni naendelea. Masika hii nilikua napaka Jumatatu, Jumatano nagusa bado inanata, chumba kizima kina unyevu, nguo hazikauki, kuta zinatoa jasho na vile vidudu vinavyofuata taa usiku vinakuja kunasa kwenye anga niliyolainisha kwa masaa mawili. Mwezi wa nne nilikosa subira nikapaka juu ya safu ambayo haijawa tayari, ikajikunja kama utando wa maziwa. Picha mbili kubwa, sentimita 60 kwa 60, zikaenda na maji, yani kitambaa, fremu, rangi na siku zangu tano.

Na ni miezi hiyo hiyo ambayo wageni hawapo. Wanaokuja kuangalia wanyama wanaanza kujaa mwezi wa sita mpaka wa tisa huko, wengine mwezi wa kumi na mbili, lakini Aprili na Mei maduka ya picha unakuta muuzaji kakaa mlangoni anaangalia mvua. Kwahiyo rangi haikauki, na hata ikikauka hakuna wa kuinunua. Hili nilikua nalijua kwa kuambiwa, ila kulijua kwa kuambiwa na kulijua ukiwa na elfu nane kwenye simu na gesi imeisha ni vitu viwili.

Niliacha kazi mwezi wa kumi na moja. Nilikua kwenye kampuni moja ya uchapaji Kariakoo, miaka sita, nakaa kwenye kompyuta natengeneza kadi za harusi, mabango, fulana za misiba na za kampeni. Haikua kazi mbaya. Mshahara ulikua unaingia tarehe 25, mara moja moja 28, na maisha yangu yote yalikua yamefungwa kwenye ile tarehe, kodi ya nyumba, ada, hisa za kikoba, hela ya mama. Hata mawazo. Ikifika tarehe 15 unajua umebakiza siku kumi za kujibana, unajibana, zinaisha. Kuchora nilikua nachora Jumamosi jioni na Jumapili, kwa mzee mmoja Oysterbay aliyenifundisha toka kushika brashi, na kila Jumatatu asubuhi kwenye daladala mikono ikiwa bado inanuka tina nilikua najisikia kama nimeacha mtu mgonjwa nyumbani. Ndo hivyo tu. Sikufukuzwa, sikugombana na mtu.

Nilipompigia mama Muheza kumwambia alinyamaza kwanza.

"Umeacha au umeachishwa?"

"Nimeacha mama."

"Una mimba?"

"Sina mama, nataka kuchora."

"Haya mwanangu. Mtoto atakula lakini?"

Nikamwambia atakula. Hilo neno nimelibeba miezi saba sasa, na niseme ukweli kuna siku mbili za mwezi wa tano lilinielemea mpaka nikashindwa kulala.

Watu huwa wananiuliza kuhusu uhuru, oh sasa hivi hupangiwi muda. Mi nawajibu sikujua ni vitu vingapi vilikua vimening'inia kwenye ule mshahara mpaka nilipoukata. Bima kwa mfano. Kadi ya ofisi niliirudisha siku ya mwisho pamoja na funguo ya droo, nikatia saini, nikatoka. Mwezi wa pili mtoto akapata homa usiku na pale dirishani hospitali nikaulizwa kama wanavyouliza siku zote, "bima au keshi?" nikasema keshi, na mkono wangu ulikua unatetemeka kidogo nikihesabu. Malaria, akapata dawa, akapona. Toka siku hiyo kila picha ikiuzwa kuna hela naitoa kwanza kabla sijanunua hata unga, naiweka kwenye laini nyingine ya simu ambayo siigusi. Ni ya dirisha lile tu. NSSF, wale wa mfuko wa pensheni, pia walinieleza kwamba aliyejiajiri anaweza kuendelea kuchangia mwenyewe, ila kwenye mshahara nilikua nakatwa asilimia 10 na mwajiri anaweka 10 yake, sasa hivi zote zinatoka mfuko mmoja na huo mfuko ni huu. Sijaanza. Nataka nianze kabla mwaka haujaisha, naandika hapa ili nisije kujidanganya.

TIN, namba ya mlipa kodi, nilipata bila shida, kwa namba ya NIDA, bure, na dada wa TRA akanielewesha vizuri kabisa kwamba mauzo ya mwaka yasipofika milioni 4 hakuna kodi ya mapato unayotozwa, yakizidi ndo unaingia kwenye viwango vyao, kwahiyo niandike kila kinachoingia na kutoka. Nimenunua daftari kubwa la mistari. Msanii usiogope daftari jamani. Miaka sita nilikua natengeneza matangazo ya biashara za watu na sikuwahi kuandika bei ya kitu changu mwenyewe hata kimoja.

Bei ndo imenitesa kuliko mvua. Hapa nitakaa kidogo.

Mteja akija na kusema "dada nifanyie bei ya ushkaji" mwanzoni nilikua nashusha hapo hapo kabla hajamaliza sentensi, kwa sababu moyoni nilikua naona kama namwomba. Kazini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kadi ya harusi umeitengeneza kwa masaa mangapi, mshahara ulikua unakuja kwa kuwa nimekaa pale. Sasa picha ya 40 kwa 40 nilikua naiuza elfu 35, siku moja nikakaa na daftari nikaandika kitambaa, mbao za fremu, rangi, tina, nauli ya kwenda kununua na kurudi, nikagawa kilichobaki kwa siku tatu, nikaona najilipa chini ya kibarua anayebeba zege. Nililia, sifichi. Alafu nikapandisha. Ikawa elfu 60, na wiki mbili hakununua mtu, na kila siku mkono unataka kurudi kwenye elfu 35. Wiki ya tatu mama mmoja mwenye shule ya chekechea Tabata akanunua mbili bila kuuliza chochote, akaniuliza tu kama naweza kumchorea ukuta wa darasa. Ukuta ule ndo ulitulisha Machi nzima. Niliomba advansi nusu kabla sijafungua kopo, na sauti yangu haikutetemeka safari hii.

Na mali kauli. Kuna duka moja, sitalitaja, mwezi wa kwanza walichukua picha zangu 14 kwa mali kauli, tukakubaliana kwa mdomo, zikiuzwa wananipigia. Nikipita naona zimepungua. Nikiuliza naambiwa hesabu haijafungwa, bosi kasafiri, njoo wiki ijayo. Nimeenda mara sita, nauli yangu, muda wangu. Nimelipwa picha tatu, nimerudishiwa saba na moja imetoboka, nne hazipo na hela hazipo. Nilikasirika sana, bado nina hasira. Ila nimejifunza kuandika karatasi mbili, idadi, ukubwa, bei, siku ya kufunga hesabu, tunatia saini wote na napiga picha kwa simu kila kipande mbele yao. Wengine wamekataa kutia saini. Hao siwaachii kitu.

Nilimweleza mzee wangu wa Oysterbay nikidhani atanionea huruma. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda anapaka madoa ya chui, moja moja, hata hakuinua kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Nikamwaga yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasafisha brashi, ndo akaniambia habari ya Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha uchoraji huu wetu, ambayo naijua, sisi wote tunaijua, ila safari hii aliisema kwa namna ya kunijibu. Kwamba yule bwana alitoka kusini, Tunduru, akapita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar akafanya kazi za kila aina, na alipoanza kuchora 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye bodi za silingi, aliyekaa nje ya lile duka la Morogoro Stores kuuza ni mke wake, Agatha. Na huku anachora aliwahi pia kuajiriwa Muhimbili. "Unaona," akasema, "alikua na mkono mmoja huku na mmoja kule, na alikua na mtu wa kuuza. Wewe uko peke yako, unachora, unauza, unadai, unapika. Usijifananishe na mtu ambaye hujui nyuma yake kuna nani." Edward alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mwizi mwaka 1972, alichora miaka kama minne tu, na mpaka leo kuna watu wanasomesha watoto kwa kitu alichokianzisha. Mzee akarudi kwenye madoa yake, mi nikakaa nikamsaidia kuosha makopo mpaka jua likazama.

Usiku huo nikampigia mama, nikamwambia kumbe Tingatinga naye alipita kwenye mkonge. Nilidhani atafurahi tu. Babu yangu, baba yake mama, alikata mkonge huko Muheza karibu maisha yake yote.

Mama akasema, "Basi na yeye anakijua kipande."

Nikamuuliza kipande kipi. Akanieleza, na mi ndo nilikua nasikia kwa mara ya kwanza vizuri. Kila mfanyakazi alikua na kadi yenye nafasi 30. Ukimaliza kazi ya siku inawekwa alama. Usipomaliza, ukiumwa, mvua ikikuzuia, hakuna alama. Mshahara ulikua hautoki kwa tarehe, unatoka kipande kikijaa, hata kama siku 30 za kazi umezipata ndani ya siku 40. "Baba alikua akirudi tunaangalia kwanza uso wake," mama akasema, "tunajua kama leo imewekwa au haijawekwa. Sisi mwezi wetu haukua wa kwenye kalenda. Kuna miezi ya baba ilikua mirefu."

Sijui kama mama alijua ananipa nini. Ile kadi ilikua ya kuwabana watu, ya kuwafanya wasiondoke shambani, na sitaki kuipamba. Babu aliumia mgongo kwenye ile kazi. Ila ile sentensi, kwamba kuna miezi ilikua mirefu, ilinikaa kifuani wiki nzima. Mi nilikua bado naishi kwa tarehe 25 wakati hakuna mtu wa kuniingizia chochote tarehe 25. Kila ikifika najiona nimefeli, hata kama kuna picha sita zimelala zinasubiri jua. Tarehe 25 ya mwezi wa nne nilijifunika shuka saa tisa mchana. Na wakati huo huo nilikua nimefanya kazi siku 19 za mwezi huo, siku 19 za kuinama mpaka shingo inalia, na sikuzihesabu kabisa kwa kuwa hazikua hela.

Kwahiyo nimechora kipande changu. Ukutani, juu ya meza ya rangi, visanduku 30. Siku nikimaliza kazi niliyojipangia, safu imepigwa au fremu zimegongwa au nimezunguka kudai na daftari limeandikwa, naweka alama kwa rangi iliyobaki kwenye brashi siku hiyo. Kulea mtoto mgonjwa nahesabu pia, hilo nimeamua mwenyewe. Mvua ikinishinda sanduku linabaki wazi na sijitukani. Kikijaa ndo nakaa chini nafunga hesabu, nagawa, ya dirisha, ya kodi, ya mama, ya kikoba. Kikoba nimewaomba ninunue hisa picha zikiuzwa badala ya kila wiki, wamekubali, Mungu awabariki wale kina mama.

Kipande cha kwanza kilichukua siku 43. Cha pili kabla ya leo kilikua kwenye 22.

Picha nne za leo ni za wanawake wa Feri asubuhi, wale wa kukaanga samaki, na moshi. Huo moshi umenisumbua sana, nimeupata juzi kwa sponji kavu. Kesho nazipeleka Msasani na karatasi zangu mbili mbili. Nimetoka kuweka alama sasa hivi, ya kijivu, rangi ya ule moshi, 23, na mtoto asubuhi atauliza kwanini leo sio nyekundu.