Bogoria: kufuata rangi tangu maji yanayochemka

Kwenda Ziwa Bogoria, Kenya, nilipanda matatu kutoka Nakuru hadi Marigat, kisha pikipiki hadi lango la Loboi la hifadhi. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010 na baadhi ya chemchemi za maji moto zimemezwa, kwa hiyo muulize askari wa hifadhi ni zipi bado ziko wazi. Usikanyage ukoko mweupe kando ya mashimo; ni mwembamba, na chini yake kuna maji ya kuunguza.

Pale maji yanapotokea hakuna kijani kabisa. Hakuna kiumbe kinachojulikana kufanya usanisinuru juu ya nyuzi 73 hivi za Selsiasi. Nilifuata mfereji kuteremka, na maji yalipopoa ndipo utando wa sianobakteria (bakteria wanaofanya usanisinuru kama mimea) ukaanza, wa rangi ya chungwa palipo na jua kali. Hiyo ni karotenoidi, kundi la rangi za njano hadi nyekundu: hunasa mwanga wa buluu, na pia huikinga klorofili, rangi ya kijani ya usanisinuru, isiharibiwe na mwanga uliozidi.

Ziwani kijani ni kizito. Ni Arthrospira, sianobakteria inayouzwa kwa jina la spirulina, chakula cha heroe, na waridi la manyoya yao linatokana na karotenoidi zake. Klorofili yake hunasa buluu na nyekundu, ikiacha pengo kubwa katikati. Fikosianini, rangi yake ya buluu, huziba sehemu ya pengo hilo: hunasa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 620 hivi, huikabidhi nishati yake alofikosianini, rangi nyingine inayonasa nanomita 650, nayo huipa klorofili. Kila makabidhiano hupoteza nishati kidogo, na ndiyo maana mkondo haurudi nyuma.

Ukingoni, kwenye tope linalonuka yai viza, chini ya kijani kuna tabaka la zambarau. Bakteria hawa wanaishi kwa masazo: bakterioklorofili yao, aina ya klorofili, hunasa hata mwanga tusiouona, nanomita 800 na zaidi, ambao tabaka la juu limeuachia upite. Badala ya maji hutumia hidrojeni salfidi, gesi ya ile harufu ya yai viza, hivyo hawatoi oksijeni.

Usichote sampuli hifadhini bila kibali. Badala yake, Marigat nilitumia unga wa spirulina wa dukani: kijiko cha chai kwenye mililita 100 za maji baridi, usiku kucha gizani, kisha ukachujwa kwa karatasi ya kahawa. Maji hutoka ya buluu: ni fikosianini. Yamulike kwa tochi nyeupe, uyatazame kwa ubavu, yatang'aa wekundu. Hiyo ni nishati iliyokosa wa kuipokea. Maji ya moto huiua buluu, na kitambaa hupitisha chembe zikatia ukungu wa kijani. Mashapo yaliyobaki, yaloweke kwenye spiriti: klorofili, isiyoyeyuka majini, itatoka hapo.