Siku samaki aliposhindwa kuchagua

Samaki yule alikuwa na njaa. Tulikuwa hatujamlisha tangu jana yake. Mwalimu akamimina viroboto maji ndani ya tangi, vidudu vya jamii ya kamba, vidogo kama punje za ulezi. Nikasogeza kiti, uso ukakaribia kugusa kioo.

Lile wingu likatanda mbele ya mdomo wake, kila kidudu kikirukaruka juu, chini, juu. Samaki akakikazia macho kimoja, akajikunja tayari kukirukia, kingine kikakatiza. Jicho likahama, mwili ukasita, akarudi nyuma kuanza upya. Chakula kilimzunguka pande zote, na bado alikula polepole kuliko jana, tulipompa vichache vilivyotawanyika.

“Tazama jicho,” mwalimu akasema. “Mdomo hauna kazi mpaka jicho liamue.”

Ndiyo maana wawindaji wanaopapasa badala ya kutazama hawahangaishwi sana na wingi wa namna hii.

Kisha akadondosha kimoja chekundu. (Viroboto maji vikiishi kwenye maji yenye oksijeni haba hutengeneza hemoglobini nyingi, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, rangi ikabadilika.) Samaki akapenya katikati ya vyeupe vyote, akakimeza mara moja. Nilikihurumia kile chekundu, na hadi leo nakihurumia. Mwaka 1986 watafiti Landeau na Terborgh walieleza jambo la aina hiyo: samaki mwindaji aliyemkamata kwa urahisi samaki mdogo aliye peke yake alikwama mbele ya kundi la wanane. Walipochanganya humo mmoja au wawili waliotiwa rangi ya buluu, akaanza kufanikiwa, na hata wale wa kawaida wakakamatwa.

Baada ya kula kiasi, samaki wetu akahamia pembezoni mwa wingu. Nikamuuliza mwalimu kwa nini aache penye neema. Akanieleza kwamba kuchagua katikati ya msongamano kunahitaji macho yote, na samaki asiye na njaa kali hubakiza macho ya kuangalia hatari. Watafiti Milinski na Heller waliwahi kupitisha sanamu ya mdiria, ndege mla samaki, juu ya samaki wenye njaa, mwaka 1978, nao wakageukia sehemu zenye vidudu vichache.

Niliomba nijaribu. Nikapitisha mkono juu ya tangi, kivuli kikamwangukia. Akaganda, mapezi tu yakitetemeka. Aliporudi kula, alidonoa vile vilivyojitenga na wenzao, kimoja kimoja, na katikati hakugusa.