Slaidi Tupu

Juni ya 2016 nilirudi Mbeya na begi la masweta na maboksi sita ya slaidi mpya, vile vipande vya kioo vya hadubini. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya sayansi ya maabara za tiba, nasoma Dar es Salaam, na nilikuwa nimekuja kukusanya sampuli za tasnifu. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, kila alfajiri napanda hiace kwenda hospitalini, ukungu bado umeukalia mlima Loleza na makondakta wanaita abiria huku wamejifunga mablanketi. Baridi ya mwezi huo huwezi kumsimulia mtu wa Pwani akakuelewa. Hata mafuta ya lenzi yalikuwa yanaganda ganda ndani ya chupa, nikawa natembea nayo mfukoni mwa koti ili yalainike kabla sijakaa kwenye hadubini.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Iko Nyanda za Juu Kusini, na maabara yake ndiyo iliyonipa kazi mkononi. Miaka minane nyuma, nikiwa mwanafunzi wa stashahada, pale ndipo mzee mmoja aliponifundisha kupiga rangi slaidi za makohozi. Alinifundisha kupitisha moto chini ya slaidi mpaka kaboli fuksini, ile rangi nyekundu, itoe mvuke, isichemke. "Ikichemka umeipika, tupa uanze upya," alikuwa akisema. Dakika tano za mvuke, suuza, mwagia asidi mpaka wekundu uondoke, suuza, buluu ya methilini dakika moja, suuza tena, kausha. Bakteria wa kifua kikuu wana ganda la nta, rangi nyekundu ikishawaingia asidi haiwezi kuitoa. Kila kingine kinageuka bluu, wao wanabaki wekundu.

Nakumbuka jinsi alivyonikaza kuhesabu. Nyuga 100, yaani sehemu 100 za slaidi moja baada ya nyingine, kwa lenzi ya mia, hata kama shingo inauma, hata kama nje wagonjwa wanagonga dirisha. Ukikuta vijiti vyekundu, yaani bakteria, 10 hadi 99 katika nyuga hizo 100, hiyo ni chanya ya alama moja. Ukikuta 1 hadi 9, unaandika idadi yenyewe. Hiyo ya mwisho sisi tuliiita skanti, na mzee aliiheshimu kuliko zote. Kuna wanaoona kijiti kimoja wakakipuuza, wakaandika hasi. Yeye hakuwahi. Alisema mtu aliyetoka Chunya au milimani na kikohozi cha miezi mitatu hastahili kurudishwa nyumbani kwa sababu macho ya mtu wa maabara yamechoka.

Utafiti wangu ulikuwa wa kulinganisha. Sampuli moja, mgonjwa mmoja, vipimo viwili: mzee na wenzake wasome slaidi, mimi niingize makohozi yaleyale kwenye mashine ya GeneXpert. Mashine hiyo haiangalii vijiti, inatafuta kipande cha jeni ya bakteria wa kifua kikuu, na kwa muda wa saa mbili inakwambia kama yupo na kama dawa ya rifampisini bado inamuweza. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeipitisha mwishoni mwa 2010. Kwa uwezo wa kuwanasa bakteria wachache, hadubini si mpinzani wake. Hadubini inahitaji maelfu ya bakteria katika mililita moja ya makohozi ndipo uwaone, mashine inawanasa wakiwa mia na ushee tu.

Wiki ya tano nikawa na sampuli 9 zilizonisisimua. Zote slaidi zake ni skanti, vijiti viwili, vinne, sita. Zote mashine ilisema hasi.

Leo naona wazi kwamba jambo hilo lilitakiwa kunitia shaka siku ya kwanza. Chombo kinachoona mia kimekosa, jicho linalohitaji maelfu limepata? Lakini nilikuwa nimeshaipenda habari hiyo. Nilianza kuiona sura ya nne ya tasnifu yangu: mashine ya gharama kubwa imepitwa na hadubini ya mzee wangu. Nilitaka iwe kweli, kwa ajili ya tasnifu na kwa ajili yake. Na hapa ndipo penye jambo linaloniuma mpaka sasa. Daktari wa kliniki ya kifua kikuu aliniita, ameshika majibu mawili ya mama mmoja, akaniuliza, "Wewe ndiye msomi wa haya mambo. Nifuate lipi?" Nikamjibu bila kusita: fuata slaidi. Akamwanzishia mama yule dawa za miezi sita.

Jumatano jioni nikampigia profesa wangu Dar es Salaam kumpa habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Slaidi zako tupu zinasemaje?" akauliza.

"Slaidi tupu zipi, Profesa?"

"Zile ambazo hujaweka makohozi ya mtu."

Nilikuwa sina. Kwenye andiko la utafiti nilikuwa nimeziandika, kamati imezipitisha, nami nilipofika kazini nikaona ni kupoteza rangi. Profesa hakunigombeza. Alisema tu kesho nisipokee mgonjwa yeyote wa utafiti, nitengeneze slaidi tupu, kisha nimweleze maji ya kusuuzia yanatoka wapi.

Usiku ule sikulala. Nilijua maji yanatoka wapi. Mtambo wa kukeneka maji, ule unaotupa tuliyoyaita maji ya distila, ulikuwa umeungua tangu Aprili. Mzee alikuwa ameandika barua mbili za kuomba kifaa kipya, nakala zake nilizisoma kwenye faili, na jibu halikuja. Kwa hiyo maabara ikafanya kama wanavyofanya wote wasio na namna: wakafungua bomba. Na bomba lile lilitoka kwenye tangi la plastiki juu ya paa, ambalo sikuwahi kumwona mtu akilisafisha.

Asubuhi nilipita duka la dawa nikanunua maji ya sindano. Nikatengeneza fuksini mpya kwa maji hayo. Nikachukua slaidi 10 ambazo hazijawahi kutumika, nikazipaka ute wa yai kiasi kidogo tu ili kitu kipate pa kushika, nikazipiga rangi zote kwa utaratibu mmoja. Tano nikazisuuza kwa maji ya bomba, tano kwa maji ya sindano. Kisha nikakinga maji ya bomba kwenye mirija miwili, nikayazungusha kwenye sentrifuji dakika ishirini, nikamwaga ya juu na kutengeneza slaidi ya kumi na moja kwa masimbi yaliyobaki chini. Nikamwomba kijana wa zamu azipange upya, azipe namba zake mwenyewe, anifiche. Sikuwa nayaamini macho yangu tena. Yalikuwa yameshaonyesha upande yanaoupenda.

Nilianza kusoma saa nne asubuhi. Slaidi ya kwanza, nyuga 100, hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu, uga wa sitini na kitu, nikakiona: kijiti chekundu, chembamba, kimejipinda kidogo, kimelala kwenye ubluu kama walivyolala wote niliowahi kuwaona. Nikainua kichwa nikavuta pumzi. Hapakuwa na makohozi pale. Hapakuwa na mtu. Nikaendelea. Kufikia mchana zilikuwa slaidi 3 zenye vijiti, na namba zilipofunuliwa zote 3 zilikuwa za bomba. Za maji ya sindano, zote 5, zilikuwa safi. Ile ya masimbi haikuhitaji hata kuhesabu. Katika uga wa pili tu walikuwa wanne.

Jamii ya bakteria hawa ina ndugu wengi. Wapo wanaoishi kwenye maji na udongo, kwenye kuta za mabomba na matangi, na wengi wao hawamdhuru mtu mwenye kinga nzuri. Mmoja wao zamani wataalamu walimwita kabisa bakteria wa maji ya bomba. Nao wana ganda lilelile la nta, nao asidi haiwatoi wekundu. Hadubini haina namna ya kukwambia huyu ni muuaji na huyu ni mkazi wa tangi. Mashine ilikuwa imesema kweli mara zote 9.

Sasa ikabaki kumwambia mzee.

Nilimkuta nje anaota jua, kikombe cha chai mkononi. Nikamsalimia upya, ingawa tulishasalimiana asubuhi. "Shikamoo, mzee." Akaniangalia. "Marahaba. Shikamoo ya pili ina neno. Sema, mwanangu." Nikashindwa kusema, nikamwomba aje aangalie kitu.

Alikaa kwenye kiti chake kirefu, akavua miwani, akarekebisha lenzi. Nilimwonyesha ile ya masimbi. Akatazama muda mrefu, akisogeza meza ya hadubini polepole kama alivyonifundisha, kushoto kwenda kulia, shuka, rudi. Kisha bila kuinua kichwa akauliza, "Huyu mgonjwa ana hali gani?"

"Si mgonjwa, mzee. Ni maji ya bomba letu."

Mkono wake ukasimama kwenye kirungu. Nje niliwasikia wauguzi wakicheka, na geti likifunguliwa. Baada ya muda akasema, "Mimi sikukosea kuhesabu."

"Hukukosea, mzee."

"Nimehesabu maji."

Sikuwa na la kumjibu. Nilitegemea atabisha, au atakasirika, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zaidi kuliko nilivyojiandaa kwa kilichofuata. Alivaa miwani, akaenda kabatini, akatoa rejista, akaifungua ukurasa wa Aprili, siku mtambo ulipoungua. Akachukua penseli na kuanza kuandika pembeni namba za kila mgonjwa aliyepewa skanti tangu siku hiyo. Aliandika mpaka jioni. Chai yake ilipoa pale pale ukutani alipoiacha. Walikuwa watu 21, wale 9 wangu wakiwamo. Kisha akavaa koti, akachukua karatasi ile, akaenda mwenyewe ofisini kwa mganga mfawidhi, nami nikaona vema nimwache atangulie, lakini akageuka: "Twende wote. Wewe ndiye uliyeona."

Yaliyofuata yalichukua wiki nyingi. Wagonjwa waliitwa, wengine kwa simu, wengine kupitia wahudumu wa vijiji. Hakuna aliyesimamishiwa dawa kwa sababu ya karatasi tu, maana kati ya wale 21 walikuwamo waliokuwa na kifua kikuu cha kweli, wanne walithibitika. Daktari alimpima kila mtu upya, picha ya kifua, makohozi mapya, historia yote. Tangi likashushwa na kusafishwa. Kifaa cha mtambo kilipatikana, safari hii haraka. Tasnifu yangu niliiandika upya kuanzia kichwa chake.

Yule mama alikuja Jumatatu. Alitoka mitelemko ya Rungwe, mkulima wa viazi na ndizi, amepakata kikapu kama mtu aendaye sokoni. Niliomba kwa daktari niwepo chumbani, kwa sababu neno "fuata slaidi" lilikuwa langu. Alikuwa amemeza dawa karibu mwezi mzima. Alieleza jinsi mkojo ulivyogeuka rangi ya chungwa akadhani anatoka damu, ingawa alikuwa ameambiwa. Alieleza kwamba nyumbani wamemtengea kikombe na sahani. Mjukuu wake wa miaka minne, aliyekuwa akilala naye, amepelekwa Tukuyu kwa shangazi. Naye mwenyewe amehamia kulala jikoni, ile nyumba ndogo ya kupikia, ili asiwaambukize wengine.

"Jikoni kuna moto, mama?" daktari akauliza.

"Upo, tunauacha uwake polepole usiku. Baridi hii."

Daktari aliandika kitu, akaiinua picha ya kifua kwenye mwanga, akaitazama tena. Kisha akamweleza kwa utulivu kwamba kifua kile kimechoshwa na moshi wa miaka mingi, kwamba kifua kikuu hana, kwamba dawa aziache, na kwamba leo hii arudi kulala nyumba kubwa. Nami nikamwambia kosa lilikuwa letu la maabara, na kwamba ni mimi niliyemshauri daktari. Nilisema nisamehe, mama.

Alinitazama kwa muda, sijui alikuwa anapima nini. Akasema, "Ndaga, mwanangu." Kwa Kinyakyusa hiyo ni asante, na mpaka leo sijaelewa alinishukuru kwa lipi. Kisha akamgeukia daktari.

"Kwa hiyo mtoto arudi?"

"Arudi hata leo, mama."

"Basi andika. Mkwe wangu hataamini mdomo wangu."

Daktari akaandika mistari mitatu, akasaini. Mama akaitazama karatasi, akauliza muhuri uko wapi, kwamba karatasi isiyo na muhuri ni ya mtu yeyote. Muhuri wa kliniki ulikuwa umefungiwa. Nikaichukua ile karatasi nikakimbia nayo maabara, na mzee, aliponisikia ni ya nani, akafuta mikono kwenye koti, akaupuliza muhuri wetu na kuugonga mara mbili, moja juu ya tarehe, moja chini ya jina.

Mama aliikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga.