Kwa nini dishi moja halitoshi kwa Yanga na Arsenal

Watu wengi Tanzania hununua king'amuzi kwanza, halafu ndipo wanauliza mechi itaonyeshwa wapi. Anza na mechi. Haki ya kuonyesha Ligi Kuu Bara kwenye televisheni iko Azam Media, kwa mkataba wa miaka 10 waliosaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya England iko SuperSport, yaani DStv. Na hapo tuna bahati: mechi za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri ya England haziruhusiwi kurushwa mubashara huko kwao, sisi tunazitazama saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika, huuzwa na CAF yenyewe, hivyo usidhani mkataba wa ligi unaifuata Yanga ikicheza Ligi ya Mabingwa.

Haki hizo zikigawanyika, na madishi juu ya paa yanagawanyika. Azam hurusha kwa satelaiti iliyo longitudo ya nyuzi 7 mashariki, DStv nyuzi 36. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39, kwa hiyo satelaiti ya DStv iko karibu na utosi na dishi lake limeegemea nyuma sana. Ya Azam iko magharibi, ikivutia kaskazini kidogo, kimo cha nyuzi kama 52 juu ya upeo wa macho. Usikadirie kwa macho: madishi haya hupokea mawimbi kwa mshazari wa nyuzi 25 hivi, ndiyo maana la Azam huonekana limesimama kuliko unavyotarajia. Kufunga LNB mbili (kile kifaa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi) kwenye dishi moja hufaa satelaiti zilizo jirani. Pengo la nyuzi 29 ni kubwa mno.

Unapotafuta mawimbi, tazama mstari wa ubora, si wa nguvu. Nguvu hupanda hata dishi likiangalia mwembe, kwa sababu LNB yenyewe ina kelele zake. Sogeza kidogo sana, subiri sekunde tatu au nne king'amuzi kisome, ndipo usogeze tena. Kaza nati kwa zamu, kisha soma upya, maana kukaza kwenyewe huhamisha dishi.

Picha ikikatika mvua kubwa inaponyesha, hiyo ni kawaida ya masafa haya. Ikikatika kwa manyunyu tu, dishi halijalenga sawasawa, au maji yameingia kwenye kiungo cha waya chini ya LNB. Ukikuta shaba imegeuka kijani, kata sentimita chache, funga kiungo kipya, zungushia utepe wa mpira, na uache waya uning'inie kitanzi ili maji yadondokee hapo.

Halafu malipo. Ruhusa ya kufungua chaneli hushuka kutoka satelaiti, kwa hiyo ukilipa king'amuzi kikiwa kimezimwa, inaweza kukupita. Kwenye DStv utaona kosa E16, yaani chaneli haijafunguliwa, ilhali E48 ni mawimbi kukosekana. Kiwashe kwanza, weka chaneli ya mpira, ndipo ulipe, tena mapema kabla ya mechi, kwani dakika za mwisho kila mtu analipa.