Stiki iliyochakaa

Nimerudi sasa hivi kutoka kupiga dramu kwenye harusi kule Njiro, Arusha. Mikono bado inawaka, ila hili lazima niliseme leoleo.

Tumemaliza wimbo wa mwisho, nafungua matoazi, mtoto wa kiume akaja mpaka jukwaani. Miaka 10 hivi, shati limechomoka.

"Shikamoo anko. Naomba hiyo stiki."

Sisi wapiga dramu tunaombwa sana. Wapo wanaorusha stiki kwa watu. Mimi sirushi, ikimpata mtu jichoni ni balaa. Na nzima sitoi, maana zangu ni za mti wa hikori, zinatoka Marekani, na bei yake si ya soda. Zilizochoka ndizo naziweka mfuko wa pembeni wa begi kwa ajili ya watu kama huyu.

Nikampa stiki moja ya saizi ya 5A, iliyoliwa na ukingo wa chuma wa snea, ile dramu yenye mlio mkali. Pale inapogonga chuma usiku kucha, mbao inachanika nyuzinyuzi kama muwa uliotafunwa.

Hakutazama ncha wala maandishi. Alipitisha kidole gumba palepale penye majeraha, taratibu, akauliza:

"Hapa ndipo ulipopigia ule wa mwisho?"

Ndiyo, mwanangu. Hapohapo.

Mama yake alitaka kunilipa, nikakataa katakata. Nimeisaini kwa kalamu ya MC. Jamani, nimefurahi kuliko hata tulivyotunzwa!

Wanamuziki wa Arusha na Moshi, mkiombwa kumbukumbu mnatoa nini? Wa gitaa najua mna piki, vile vipande vya kupigia nyuzi. Wa tumba je?