Peugeot 404 na tela lake: matayarisho ya safari ya ziwa la Nzilo

Injini imekubali. Ndiyo habari waliyokuwa wakiingoja majirani hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, maana kila jioni kuna mtoto anasimama langoni: "Yaya (yaani kaka), motokari imewaka?" Imewaka, inanguruma bila kukohoa, na mimi sina zaidi la kusema juu yake. Kama kitu kitatulaza njiani, kiko nyuma: difu (kisanduku cha meno kwenye ekseli ya nyuma), springi au tela.

Kwa msiolijua gari lenyewe, ni pikapu ya ukoo wa 404, ukoo ulioshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Nimelivua mabati kama vijana wa Marekani walivyozivua Ford zao za 1932: bampa zimetoka, madigadi ya mbele yamekatwa, boneti haipo. Wao huziita hot rod. Mtaani kwangu wanasema motokari ya uchi, na jina limeshika. Injini ya 404 imelazwa ubavu kwa digrii 45, kwa hiyo hata bila boneti haikodoi macho sana. Vumbi la kiangazi ni neno lingine. Chujio la hewa nitalifunika vizuri.

Difu ndiyo iliyokula muda wangu. Kwenye 404 ekseli ya nyuma haina meno ya kawaida. Kuna parafujo ya chuma inayosukuma gurudumu la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Meno hayo hayabingiriki, yanasuguana kwa kuteleza, kwa hiyo hupata joto, na ukifunga tela nyuma joto linaongezeka, hasa mlimani. Muuzaji wa kwanza alitaka kunipa mafuta ya gia ya daraja la GL-5, akisifu kwamba ndiyo bora. Ni bora kwa difu za chuma. Salfa iliyomo ikipata moto huila shaba, na ingekuwa aibu mtu wa Katanga, wa nchi ya shaba, aiache shaba iliwe ndani ya gari lake. Nimemwaga ya zamani, nimeosha, nimeweka mafuta yasiyo na dawa hiyo. Sili mpya pia.

Tela nimelichomelea juu ya ekseli kuukuu ya gari dogo. Likiwa tupu lina kilo 200 hivi, likijaa ni 400. Uamuzi ninaojivunia ni magurudumu: inchi 15, matundu ya nati sawasawa na ya gari, tairi moja ya akiba itumike mbele na nyuma. Beringi zimejazwa grisi kwa kiganja mpaka ikatokea upande wa pili. Nati inakazwa huku gurudumu linazunguka, kisha inalegezwa kidogo, lizunguke bila kucheza.

Halafu mizani. Nimemwomba mama watoto ile ya kupimia uzito wake, nikaiweka chini ya shingo ya tela, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari. Kijana anayenisaidia alikuwa amepanga jenereta na jerikani za maji nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu ni rahisi kushusha. Mizani ikasema kilo 12. Kwa mzigo wa kilo 400 nataka karibu 40 pale mbele. Shingo ikiwa nyepesi, tela huanza kutingisha mkia, na barabara ya Likasi imejaa malori ya shaba na kobalti. Likikupita moja, upepo wake peke yake unatosha kuanzisha ngoma hiyo. Tukasogeza maji mbele ya ekseli, jenereta juu ya ekseli yenyewe, gunia la makala (makaa) na unga wa bukari (ugali) nyuma. Kilo 38. Basi.

Taa zinawaka; waya wa hasi nimeupeleka moja kwa moja kwenye soketi, sitegemei chuma cha kiungio kilichojaa grisi. Minyororo miwili imepishana chini ya shingo, ili kiungio kikichomoka shingo ilale juu yake, isichimbe lami.

Watoto walitaka Lofoi, maporomoko ya zaidi ya mita 340. Njia ya kwenda huko, Kundelungu, ni udongo na mawe, na gari hili liko chini mno. Tutaenda Likasi, kilomita 120 hivi, tuendelee Kolwezi, kisha ziwa la Nzilo, lile la bwawa kwenye mto Lualaba. Samaki wapo, na gari lenye tumbo chini halipati taabu mpaka karibu na maji.

Zimebaki karatasi. Askari wa roulage, yaani polisi wa barabarani, watatusimamisha hata kwa kutaka kuangalia tu, kwa hiyo bima na namba ya tela lazima viwe mkononi. Jumamosi tunajaribu hadi Likasi na kurudi, mifuko ya mchanga ikishika nafasi ya vyombo. Tukifika nitashika difu na vikombe vya magurudumu kwa mkono. Gurudumu litakalokuwa na moto kuliko mwenzake ndilo nitakalolifungua kwanza.